Intaneti Iliyo Wazi na Inayofikiwa na Wote: Tunamaanisha Nini?

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani katika semina ya viongozi wa walei





Tunawashukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, hasa ninyi mliotoka vigango vya mbali na kuacha kazi za shamba katika majira haya. Wakati wa maandalizi baadhi yenu mlituuliza: je, Tume imekwisha kumaliza masuala ya ardhi, ya mirathi ya wajane na ya mahabusu wanaokaa muda mrefu bila kesi zao kusikilizwa, hata sasa iingie katika mambo ya simu na kompyuta? Swali hilo ni halali. Tunapenda kuanza kwa kulijibu.

1. Kwa nini jambo hili ni la haki na amani

Miaka thelathini iliyopita mtu wa kijijini asiyekuwa na intaneti hakupungukiwa na kitu ambacho jirani yake alikuwa nacho. Hali hiyo imebadilika. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba nafasi ya chuo na mkopo wa masomo kwa njia ya mtandao. Matokeo ya mitihani hutangazwa humo. Kazi za serikali huombwa humo. Ofisi nyingi zilizokuwa zikipokea barua kwa mkono sasa humwambia mwananchi, "Ingia kwenye mfumo."

Mzazi asiye na njia ya kuingia katika mfumo huo hupanda gari hadi mjini, akakaa katika foleni ya steshenari, akamlipa kijana wa kumjazia fomu, na akamwachia mtu asiyemfahamu namba za siri za mwanawe. Herufi moja ikikosewa, au siku ya mwisho ikimkuta njiani, mtoto hupoteza mwaka mzima. Katika ziara zetu vigangoni tumekutana na wazazi wa namna hii. Wao husema ilikuwa bahati mbaya. Sisi tulipotafakari tuliona kwamba neno hilo halitoshi. Jamii ikikubaliana kwamba haki fulani itapatikana kwa kupitia mlango mmoja tu, basi jamii hiyo ina wajibu wa kuhakikisha kwamba kila mwenye haki anaweza kuufikia mlango huo, na kwamba haufungwi mbele yake pasipo sababu ya haki.

Kuna tukio la pili ambalo sote tunalikumbuka. Siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, Oktoba 29, 2025, kulitokea maandamano na machafuko, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na intaneti ikazimwa nchini kote. Ilianza kurejea Novemba 3. Katika siku hizo watu walitaka kujua jambo moja kuliko yote: kama ndugu zao walikuwa hai. Wazazi walio mikoani waliokuwa na watoto mjini, na Watanzania walio nchi za nje, walinyimwa njia waliyoizoea ya kuuliza. Hatuzungumzi hapa juu ya chama gani kilikuwa na haki na kipi hakikuwa nayo. Tunasema tu kwamba kumzuia mama asipate habari za mwanawe ni jambo zito, na anayelifanya anapaswa kutoa hesabu yake mbele ya sheria.

Mafundisho ya Kanisa yanalitambua jambo hili tangu zamani. Papa Yohane wa 23, katika waraka Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliihesabu haki ya mtu kupata habari za kweli juu ya mambo ya umma miongoni mwa haki za msingi za binadamu. Nayo Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, uhuru wa kufanya mawasiliano bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa za matukio yaliyo muhimu kwa maisha ya wananchi. Haki hizo hazikuandikwa kwa ajili ya intaneti. Lakini mawasiliano ya watu yamehamia humo, nazo haki zimehama pamoja na watu. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilisema hivyo katika azimio la Julai 2012: haki ambazo watu wanazo nje ya mtandao zilindwe vilevile ndani ya mtandao.

2. Intaneti ilivyojengwa

Ili tuelewe maana ya neno "wazi", hatuna budi kujua kidogo jinsi chombo hiki kilivyojengwa. Hakuna haja ya kuwa fundi. Tufikirie barabara ya kijiji. Mwenye miguu hupita, mwenye baiskeli hupita, mwenye mkokoteni hupita, na lori hupita. Barabara haiulizi umebeba mahindi au vitabu, wala unakwenda kwa nani. Kinachotakiwa ni kwamba wote wafuate kanuni chache, kama vile kupita upande uliokubaliwa.

Intaneti ilijengwa kwa mfano huo. Ni muungano wa mitandao mingi iliyo mikononi mwa wenyewe mbalimbali: makampuni, vyuo, serikali. Ujumbe unapotumwa hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa anuani ya kule kinakokwenda. Vipande hupita njia yoyote iliyo nafuu na kuunganishwa tena mwishoni. Kanuni za kazi hiyo zilibuniwa na Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, walioeleza wazo lao mwaka 1974, na mtandao wa mwanzo kule Marekani ulizipokea kwa pamoja Januari 1, 1983. Kanuni hizo ni za wote. Hakuna anayelipa kodi kwa kuzitumia, wala anayeomba ruhusa ya kujenga kitu kipya juu yake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na yale tunayoyaona kwenye simu zetu. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, alipendekeza utaratibu wa kurasa zinazounganishwa, ambao leo tunauita wavuti. Aprili 30, 1993, CERN ilitangaza kwamba programu za utaratibu huo ni mali ya umma, na kila mtu anaweza kuzitumia bure. Wakati huo kulikuwa na utaratibu mwingine uliopendwa zaidi, jina lake Gopher, wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mapema mwaka huo huo chuo hicho kilitangaza kwamba kitawatoza ada baadhi ya watumiaji. Watu wengi wakauacha, wakahamia kwenye wavuti. Katika historia hiyo fupi tunaona kwamba uwazi ulikuwa uamuzi wa watu. Na kwa kuwa ulikuwa uamuzi, watu wengine wanaweza kuutengua.

3. Maana ya intaneti iliyo wazi

Kwa maoni yetu, intaneti ni wazi ikiwa na sifa tatu.

Sifa ya kwanza: kila mtu anaweza kuitumia kwa kutoa na kwa kupokea. Redio na gazeti vilikuwa na wachache wanaosema na wengi wanaosikiliza. Katika intaneti, kikundi cha wanawake kinachouza asali kinaweza kutangaza asali yake, na mwalimu wa kijijini anaweza kuwafundisha wanafunzi wa mkoa mwingine. Sifa hii hupungua pale ambapo kusema kunawekewa bei. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka hata watu binafsi wanaoandika mtandaoni wakate leseni, na ada za mwanzo zilifikia jumla ya takriban shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zimekwisha kurekebishwa zaidi ya mara moja. Lakini zinatufundisha kuuliza swali hili: ada inapopangwa, ni nani anayenyamazishwa nayo? Kampuni kubwa hulipa bila kutikisika. Anayeshindwa ni kijana anayeandika habari za kata yake.

Sifa ya pili: mizigo yote hupita kwa haki sawa. Kampuni inayotupatia huduma haipaswi kuharakisha ujumbe wa tajiri na kuchelewesha wa maskini, wala kutuchagulia kurasa za kusoma. Hapa kuna mtego unaokuja kwa sura ya hisani. Mwaka 2014 kampuni ya Facebook, ikishirikiana na makampuni ya simu, ilianza kutoa nchini Zambia, na baadaye Tanzania na Kenya, huduma iliyowawezesha watu kufungua kurasa chache bila kulipa. Huduma hiyo iliitwa baadaye Free Basics. Wako waliofaidika nayo, nasi hatuwalaumu. Lakini kurasa za bure zilikuwa zile tu zilizokubaliwa na mwenye huduma. India waliijadili kwa kina, na Februari 8, 2016, mamlaka yao ya mawasiliano ilikataza makampuni kutoza bei tofauti kwa kufuata maudhui. Hoja ilikuwa kwamba maskini akipewa sehemu ndogo tu ya intaneti, naye akadhani ndiyo yote, atakuwa ameingizwa katika uwanja wenye uzio. Nasi tujichunguze. Wangapi kati yetu hununua kifurushi cha WhatsApp peke yake, na jirani akituma picha yenye habari ya uongo, hatuna salio la kutuwezesha kuithibitisha mahali pengine?

Sifa ya tatu: haizimwi wala haifungwi kiholela. Uganda, siku ya uchaguzi wa Februari 18, 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa pamoja na huduma za kutuma fedha kwa simu. Katika uchaguzi wa Januari 2021 intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Tanzania, katika uchaguzi wa Oktoba 2020, baadhi ya mitandao ya kijamii ilizuiwa, na ya mwaka 2025 tumekwisha kuyataja. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika azimio lake la mwaka 2019 juu ya uhuru wa kujieleza na upatikanaji wa habari, imeyataka mataifa yasijihusishe na kuvuruga intaneti kwa makundi ya watu au kwa umma mzima.

4. Maana ya intaneti inayofikiwa na wote

Barabara inaweza kuwa haina geti hata moja, lakini ikawa inaishia kilometa ishirini kabla ya kijiji chako. Kwa hiyo uwazi peke yake hautoshi. Tunapendekeza muangalie mambo matano.

(a) Mnara na mkongo. Intaneti ilipoingia Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1990 ilipitia satelaiti, kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka huo huo mkongo wa TEAMS ukafika Mombasa. Mwaka 2010 ulifuata wa EASSy. Tumeona pia udhaifu wa njia chache: Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwenye bahari ya kusini, huduma zilidorora kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Lakini mkongo ukifika pwani haujafika kijijini. Makampuni hujenga minara penye wateja wengi. Ndiyo maana Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 na kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili huduma ifike mahali ambapo biashara peke yake haiwezi kuipeleka.

(b) Bei. Mwaka 2018 tume iliyoundwa chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba, ifikapo mwaka 2025, huduma ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Tutumie kipimo hiki, lakini kwa uangalifu, maana wastani huwachanganya tajiri na maskini katika kapu moja. Mtu anayepata shilingi 100,000 kwa mwezi, asilimia 2 yake ni shilingi 2,000. Je, kiasi hicho kinamtosha kwa mahitaji ya lazima ya mwezi mzima? Kodi nayo huingia katika bei. Uganda, kuanzia Julai 1, 2018, kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Kodi ya namna hii huwagusa wote kwa kiwango kimoja, kwa hiyo aliye na kidogo huumia zaidi.

(c) Chombo na umeme. Simu ndogo ya vitufe haifungui fomu ya mkopo. Simujanja isiyo na umeme ni mzigo tu mfukoni. Ofisi ya umma inayoamua kwamba huduma yake itapatikana kwa mtandao pekee inapaswa kukumbuka hao pia, na kuacha dirisha moja la kupokea watu ana kwa ana.

(d) Lugha na elimu. Wikipedia ya Kiingereza ilifikisha makala milioni saba mwaka 2025. Ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ingali nyuma sana, ingawa lugha yetu inazungumzwa na mamilioni ya watu kutoka Zanzibar hadi mashariki ya Kongo. Fomu ya serikali iliyoandikwa kwa Kiingereza tupu, katika nchi ambayo wananchi hujadili mambo yao kwa Kiswahili, humfungia mlango mkulima hata kama mnara umesimama shambani mwake.

(e) Watu wenye ulemavu, wanawake na wazee. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja intaneti kwa jina katika kifungu cha 9. Asiyeona husoma kwa msaada wa programu inayotamka maandishi. Tangazo likiwekwa kama picha, bila maandishi, programu hiyo haina cha kusoma. Hata sisi katika parokia tuna kosa hili: hupiga picha tangazo la Misa na kulituma kwenye kundi, tukamsahau ndugu yetu asiyeona. Kwa upande wa wanawake, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikadiria mwaka 2024 kwamba ulimwenguni asilimia 70 ya wanaume walitumia intaneti, na wanawake asilimia 65. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na mwenye simu ni baba.

Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti, bilioni 1.8 kati yao wakiwa vijijini. Barani Afrika waliotumia walikuwa asilimia 38. Hati ya Kanisa juu ya maadili katika intaneti, iliyotolewa na Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii mwezi Februari 2002, ilikwisha kuonya kwamba pengo kati ya walio na teknolojia hii na wasio nayo linaweza kuwa sura mpya ya ubaguzi. Baada ya zaidi ya miaka ishirini, onyo hilo halijachakaa.

5. Hoja ya usalama

Baadhi yenu mtasema: lakini intaneti imejaa uongo, matusi, utapeli na uchochezi, na serikali ina wajibu wa kulinda amani. Hoja hiyo tunaichukua kwa uzito. Tumeona wazee wakitapeliwa akiba zao, na wasichana wakidhalilishwa kwa picha. Uwazi tunaoutetea hauna maana ya kwamba kila jambo liruhusiwe. Anayemwibia au kumkashifu mwenzake kwa mtandao anastahili kushtakiwa sawa na anayefanya hivyo sokoni.

Tofauti iko hapa. Akitokea mwizi sokoni, hukamatwa mwizi. Soko halifungwi kwa wiki nzima hata mwenye nyanya ziozee mikononi mwake. Kizuizi chochote cha haki kinapaswa kupita katika vipimo vitatu: kiwe kimewekwa na sheria inayoeleweka, kiwe cha lazima kwa shabaha halali, na kisizidi kiasi kinachohitajika. Kuzima intaneti kwa watu wote huwaadhibu mamilioni kwa kosa la wachache. Tena hakuwezi kuzima uvumi. Habari ya kweli ikikosa njia, uvumi hupita kwa miguu, na hakuna wa kuusahihisha.

Mahakama za Afrika zimekwisha kusema juu ya hili. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba kuzimwa kwa intaneti nchini humo hakukuwa halali, kwa kuwa waziri aliyeagiza hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Juni 25, 2020, Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi iliamua kwamba Togo ilikiuka uhuru wa kujieleza ilipozima intaneti mwaka 2017. Kwa hiyo wanaosema kwamba madai haya ni mambo ya Ulaya tu, wajue kwamba majaji wa Kiafrika wameyapima kwa sheria za Kiafrika.

6. Wajibu wetu

Ndugu wapendwa, kwa muhtasari tunasema hivi. Intaneti ni wazi pale ambapo hakuna anayesimama njiani kuchagua nani apite, aseme nini, na lini. Inafikiwa na wote pale ambapo umbali, bei, lugha, ulemavu na jinsia havimfungii mtu nje. Iliyo wazi bila kufikiwa ni ya wenye uwezo. Inayofikiwa bila kuwa wazi inaweza kumfikia kila mtu kwa ajili ya kumchunga tu. Kwa hiyo tudai yote mawili, na tuanze na yale yaliyo katika uwezo wetu.

Kwanza, kila parokia iwatambue waumini wanaoshindwa kutimiza masharti ya mtandao, na ipange vijana waaminifu wa kuwasaidia wakati wa maombi ya vyuo na mikopo. Kijana huyo afundishwe kwamba namba ya siri ya mtu ni amana. Mzazi akae naye, aone kinachoandikwa.

Pili, tuangalie mifano ya ushirika. Katika kijiji cha Mankosi, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wanakijiji wakisaidiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walijenga mtandao wao unaotumia umeme wa jua, na mwaka 2014 wakaandikisha ushirika uitwao Zenzeleni ili waumiliki wenyewe. Kenya iliweka utaratibu wa leseni za mitandao ya kijamii ya namna hiyo, yaani inayomilikiwa na wanajamii, mwaka 2021. Sisi tuliozoea vyama vya mazao na vya kuweka na kukopa, jambo hili si geni kwetu.

Tatu, tutumie vikao vya kijiji na vya kata. Diwani na mbunge waulizwe, kwa heshima na kwa maandishi, ni lini mnara utafika, kwa nini fomu fulani haina Kiswahili, na ni sheria ipi iliyotumika pale huduma ilipozimwa. Majibu yasomwe mbele ya watu. Kuuliza si uasi. Ibara ya 18 imetupa haki ya kuuliza na ya kujibiwa.

Nne, tujirekebishe wenyewe. Tusisambaze tusichokihakiki, maana kila uongo tunaoutuma unampa mwenye geti sababu ya kulifunga.

Tulianza na mzazi aliye katika foleni ya steshenari. Mkirudi vigangoni mwenu mtamkuta, na siku ya mwisho ya maombi haiko mbali. Tunawaomba mfike kwake kabla ya siku hiyo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani aliyekosa haki au huduma kwa sababu ya kushindwa kutumia mtandao? Tumefanya nini juu yake?

2. Familia ya kawaida hapa kwetu hutumia kiasi gani kwa mwezi kwa vifurushi? Ni sehemu gani ya pato lake?

3. Intaneti ilipozimwa, tuliumia kwa namna gani? Tulitegemea nini ili kupata habari za kweli?

4. Je, matangazo ya parokia yetu yanamfikia asiyeona, asiye na simujanja na asiyejua kusoma?

5. Ni swali gani moja tutakalolipeleka kwa diwani wetu kabla ya kikao kijacho, na nani atalipeleka?